UZI: Nakilipa chuo ada ili nikafanye kazi ya bure? Mliosoma sheria Marekani njooni hapa

#1 BintiHoja
Salaam wakuu. Niko mwaka wa pili wa JD, shahada ya sheria ya hapa Marekani. Muhula ujao nataka kwenda kwenye ofisi ya mawakili wa umma, wale wanaotetea washtakiwa wasio na uwezo, saa 10 kwa wiki, nipate krediti 3 za kuhitimu. Wenyewe wanaiita eksternishipu. Mimi nitasema mafunzo ya nje, ulimi upumzike.

Jana usiku nimekaa na mfumo wa usajili nikapiga hesabu, usingizi ukakata. Ofisi hainilipi hata senti. Chuo nakilipa. Mwalimu nitamwona kwenye semina mara moja kila wiki mbili. Yaani jasho langu na hela yangu. Nani alibuni hii kitu? Na nikiachana na krediti nikaenda kujitolea tu, napoteza nini?

Waliopitia mtiririke.

#2 Kiroboto
Siti ya mbele, viatu nimevua.

Ila dada, sisi fildi ya nyumbani tulijilipia nauli, tukajilipia chakula, na siku ya kusainiwa fomu tukambebea msimamizi maandazi. Wewe hujaona kitu.

#3 MzeeWaKifungu
Jibu ni fupi. ABA, chama cha mawakili cha Marekani, ndicho kinachovipa ithibati vyuo vya sheria, na kanuni zake zinakataza: ukipata krediti hupati mshahara. Chagua moja. Ndiyo maana ofisi hazilipi. Mods fungeni uzi.

#4 NyundoYaJaji
#3 Mzee, usitufungie uzi kwa kifungu kilichokwishazikwa. Katazo lilikuwepo kweli, na kwa miaka mingi. Lakini lilifutwa 2016: baraza la ABA linalosimamia elimu ya sheria lilipitisha Machi, mkutano wa wajumbe ukaridhia Agosti. Tangu hapo chuo kinaweza kumruhusu mwanafunzi apate krediti na malipo kwa kazi ileile.

Zingatia neno "kinaweza". Vyuo kadhaa vimebaki na katazo lao wenyewe, vingine vinaruhusu kwa masharti. BintiHoja, fungua mwongozo wa wanafunzi wa chuo chako kwanza. Inawezekana anayekukatalia yuko jengo hilohilo unaloingia kila siku.

#5 MzeeWaKifungu
Nimekubali, nimesahihishwa. Nilimaliza 2013 na nimeongea kwa kumbukumbu za zama zangu. Ila mazoea hayaondoki kwa kura moja. Ofisi iliyozoea kupewa vijana wa bure kila Agosti itaanzaje kutenga bajeti yao?

#6 KaraniMstaafu
Nimekaa ofisi ya usajili ya chuo kimoja cha sheria miaka 11, kwa hiyo mtanivumilia, nitasema mambo yanayochosha.

Krediti ni saa. Basi. Kanuni ya 310 ya ABA inahesabu hivi: dakika 50 za darasani na saa 2 za kujisomea, kila wiki, kwa wiki 15. Jumlisha utapata saa 42.5 kwa krediti moja. Kazi isiyo ya darasani, kama hii ya BintiHoja, lazima nayo isipungue kiasi hicho. Krediti 3 mara 42.5 ni saa 127.5. Gawa kwa muhula wa wiki 13 utaona saa 10 kasoro kidogo. Ndiko zilikotoka hizo saa zako 10, binti yangu. Na kuna vyuo vinavyodai saa 50 au 60 kwa krediti moja, kwa hiyo usilinganishe na rafiki yako wa chuo kingine bila kuuliza.

Halafu angalia kama hizo 3 zote ni za ofisini au 2 za ofisini na 1 ya semina. Nimewahi kuona mwanafunzi anatokwa machozi kaunta Mei kwa sababu ya kosa hilo tu.

#7 Ngalawa
Kabla hatujalia na mleta mada, aseme kwanza: unalipa ada ya muhula mzima au kwa krediti? Wengi wa JD ya kutwa wanalipa kiwango kimoja kwa muhula. Ukichukua krediti 12 au 15, bili ni ileile, kwa hiyo hizi 3 hazikuongezei kitu.

Maumivu yako kiangazi. Kule unalipa kwa krediti. Tuseme krediti moja ni dola 2,000: krediti 3 za Juni ni dola 6,000, juu yake pango la chumba, na ofisi haikupi kitu. Hiyo ndiyo niliikataa mimi. Nikaenda kiangazi bila krediti, nikasaidiwa na mfuko wa chuo wa wanaofanya kazi za umma, nikala vizuri.

#8 BintiHoja
#7 Ni muhula, na ada ni kiwango kimoja. Hapo nimepoa kidogo, asante. #6 nimeangalia: 2 ofisini, 1 semina. Mungu akuweke mzee wangu, ningelia kaunta.

Lakini bado nalipia. Krediti hizo 3 zingekuwa somo la kodi, profesa amesimama mbele yangu saa tatu kila wiki.

#9 PilipiliKichaa
HAPO SASA. Fuateni hela. Wanafunzi 40 wako nje, kila mmoja kalipa ada. Darasa hakuna, umeme wa darasa hakuna, profesa wa mshahara mnono hakuna. Anatafutwa mwalimu wa kibarua asome vijitabu vya tafakuri, yale madaftari ya wanafunzi kuandika walichofanya na walichojifunza. Kazi ya kufundisha inafanywa na wakili wa serikali ambaye chuo hakimlipi. Nani anafaidi? Huhitaji kanuni ya 310 kujibu hilo.

#10 MwalimuWaZamu
Mimi ndiye huyo mwalimu wa kibarua. Hamjambo.

#9 una haki kwenye sehemu moja: nalipwa kidogo. Sehemu nyingine hujaziona kwa sababu mwanafunzi hazioni. Kanuni ya 304 inataka makubaliano ya maandishi kati ya mwanafunzi, chuo na msimamizi wa ofisini, yakisema kazi itakuwa nini na itapimwaje. Inataka chuo kiwachague wasimamizi, kiwafunze, kiwatathmini. Inataka mwanafunzi afanye kazi halisi ya wakili, arudishiwe maoni, ajitathmini, na awe anatafakari akiongozwa na mwalimu wakati kazi inaendelea, asingoje mpaka iishe.

Muhula mmoja wanafunzi wangu wawili waliandika wiki tatu mfululizo kwamba "tumepanga mafaili". Nikaenda. Nikawakuta stoo na skana. Msimamizi wao alikuwa mtu wa roho safi kabisa, ila kesi zilikuwa zimemfika shingoni, na kumpa mtu memo aandike halafu uisome na kuirudisha na maoni ni kazi kuliko kuiandika mwenyewe. Tukaongea. Wiki iliyofuata mmoja alipewa rasimu ya ombi la kuzuia ushahidi uliopatikana kwenye upekuzi wa gari. Wa pili nilimhamisha. Ofisi ile sikuirudia.

Hao wawili wangeenda kujitolea bila chuo, wangemaliza Desemba wakiwa bado stoo.

#11 Kiroboto
Mwalimu shikamoo. Hivi yale madaftari ya tafakuri huwa mnayasoma kweli? Mimi wiki ya 6 niliandika katikati ya aya, "ukifika hapa niandikie neno embe." Sikuona embe mpaka nahitimu.

#12 MwalimuWaZamu
#11 Marahaba. Ungekuwa wangu ningekuandikia embe, na chini yake ningekuuliza kwa nini mpaka wiki ya 6 huna la kusema kuhusu kazi yako.

#13 PilipiliKichaa
😂😂 Kiroboto kapatikana.

#14 ShahidiWaPili
Nyote mmezunguka mbuyu. Chanzo ni sheria ya kazi. FLSA ya 1938 inasema mfanyakazi alipwe kima cha chini. Sasa mwanafunzi ni mfanyakazi au si mfanyakazi? Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1947, kesi ya Walling v. Portland Terminal, wafunzwa wa reli waliofundishwa siku saba au nane hivi bila malipo, ikasema hawa si waajiriwa kwa maana ya sheria ile. Halafu 2015 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa pili ikaamua Glatt v. Fox Searchlight, ya vijana waliofanya kazi za filamu bila malipo, ikauliza: anayefaidika zaidi ni nani, kijana au kampuni? Ikaorodhesha mambo saba ya kupima, na mojawapo ni kama kazi imefungamana na masomo, mfano kwa krediti. 2018 Wizara ya Kazi nayo ikakifuata kipimo hicho.

Kwa hiyo krediti ni mwavuli. Kampuni inakwambia "lete krediti" ili kesho usiidai mshahara. Wewe BintiHoja unalipia mwavuli wa mwingine.

#15 NyundoYaJaji
#14 umesoma vizuri na umemalizia vibaya.

Kwanza, katika Glatt hakuna jambo moja kati ya yale saba linaloamua peke yake. Kampuni inayodhani krediti inaisafisha itashangaa. Pili, BintiHoja anaenda ofisi ya umma. FLSA yenyewe inaruhusu mtu kujitolea kwa wakala wa umma, na mashirika ya hisani yana nafasi yao. Mwavuli wako haumhusu.

Ukitaka mwavuli wa serikali, tafuta wa serikali ya shirikisho: 31 U.S.C. 1342 inazikataza ofisi zake kupokea huduma za kujitolea isipokuwa kwenye dharura. Ikabidi Bunge liweke mlango kwa wanafunzi, 5 U.S.C. 3111, wa sheria ya 1978: mwanafunzi aliyesajiliwa walau nusu ya masomo, kwa ruhusa ya chuo chake, anaweza kufanya kazi bila malipo kama sehemu ya mafunzo. Ndiyo maana ofisi ya shirikisho inadai barua ya chuo. Barua hiyo haisemi lazima iwe krediti.

#16 ShahidiWaPili
Sawa, mwavuli una matundu. Ila mawakili binafsi wanaotafuta biashara bado wanaushika, na hilo hujalijibu.

#17 NyundoYaJaji
Wanaushika. Hilo nimekubali.

#18 MvuaZaVuli
Mnaongea kama wote mna pasipoti ya Marekani. Niwaletee upande wa pili.

Mimi niko kwa viza ya F-1, ya mwanafunzi. Kwangu krediti ndiyo kibali chenyewe cha kufanya kazi nje ya chuo. Inaitwa CPT, na mafunzo lazima yawe sehemu ya mtaala. Njia iliyozoeleka ya kulithibitisha hilo ni kusajili somo lenye krediti. Kwa kawaida unatakiwa uwe umemaliza mwaka mmoja wa masomo kwanza. Unapata ofa, unasajili somo, ofisi ya wanafunzi wa kimataifa inaidhinisha, inaandikwa kwenye I-20 yako, ile hati ya chuo inayobeba viza yako: mwajiri nani, kuanzia lini, mpaka lini. Ukitangulia siku moja, umefanya kazi bila kibali, na hilo halina "samahani sikujua".

Msimamizi wangu alinipigia Jumatano, "njoo ukae kwenye kikao na mteja, utajifunza." I-20 ilikuwa inaanza Jumatatu. Nikamwambia nimeshikwa na mafua. Sikuwa na mafua. Nilikuwa nimekaa kitandani naitazama ile tarehe.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu anauliza "nikiacha krediti napoteza nini", kwetu sisi unapoteza kazi yenyewe. Na nyongeza: CPT ya muda wote ikifikisha miezi 12, OPT, kibali cha kufanya kazi baada ya kuhitimu, kwa ngazi hiyo ya masomo imekwenda. Saa 20 kwa wiki kushuka chini ni nusu muda, hiyo haiigusi. Hesabuni.

#19 Kiroboto
Mafua ya kisheria. Nimeyaandika kwenye daftari la tafakuri.

#20 MamaWawili
Asante #18, umenifungua macho na kunitia hofu kwa pamoja. Mimi nina LL.B. ya nyumbani, nimekuja LL.M., shahada ya pili ya sheria, ya mwaka mmoja, nalenga mtihani wa uwakili wa New York. Kuna shirika la wahamiaji limekubali kunichukua muhula wa pili. Naweza kupata krediti na mimi?

#21 NyundoYaJaji
#20 Dada, una vikwazo viwili na vinatoka ofisi mbili tofauti.

Cha kwanza ni hicho cha mwaka mmoja wa F-1: LL.M. yenyewe ndiyo mwaka mmoja, utaimaliza kabla hujastahili. Kama ulishasoma hapa mwaka mzima kwa F-1 kabla ya hapo, hiyo habari nyingine.

Cha pili ni New York wenyewe. Kanuni ya 520.6 inataka LL.M. ya krediti 24, na za kliniki zisizidi 4, ziwe na darasa, na kazi isimamiwe moja kwa moja na mwalimu ambaye ajira yake kuu ni chuoni. Wakili wa shirika, hata awe hodari vipi, si huyo. Nenda kliniki ya sheria ya chuo chako. Iko ndani ya chuo, mwalimu ni wa chuo, mteja ni wa kweli. Na kabla hujasajili chochote uiandikie bodi ya mitihani ya New York na ofisi ya viza, upate majibu kwa maandishi.

#22 MamaWawili
Kliniki ya wahamiaji ipo, nilidhani ni ya JD peke yao. Naenda kesho asubuhi. Ubarikiwe.

#23 MzeeWaKifungu
Nirudi na ya kale, maana ya sasa mmeshaniumbua.

Zamani hapa kijana alijifunza sheria ofisini kwa wakili. Anafagia, ananakili hati, anasoma vitabu vya bwana wake. Lincoln hakuwahi kukanyaga chuo cha sheria. Mwaka 1870 Langdell akawa mkuu wa chuo cha sheria cha Harvard, akaleta kusoma hukumu darasani, na taratibu chuo kikamnyang'anya bwana ofisi wanafunzi wake. 1933 Jerome Frank akaandika kulalamika: mbona hatuna vyuo vya mawakili vyenye kliniki kama za madaktari? Kliniki zilishika kasi kuanzia 1968, Ford Foundation ilipozimwagia fedha.

Sasa tazama. Chuo kimemrudisha kijana ofisini, lakini hakitaki kumrudisha kwa bwana moja kwa moja. Kinamfunga kamba. Kamba hiyo ndiyo krediti. Mimi naona ni ugomvi wa nani anamiliki malezi ya wakili, ada ni moshi wake tu. Na kwa taarifa yenu California, Virginia, Vermont na Washington bado zinaruhusu mtu asome sheria ofisini na kufanya mtihani bila chuo.

#24 PilipiliKichaa
#23 Moshi wa dola elfu kadhaa, mzee. Nipe mimi huo moshi.

#25 UanagenziKwanza
Niko Nairobi, nawasoma tu. Huku uanagenzi ni miezi sita chini ya wakili aliyeiva, unakuja baada ya shahada, na hakuna anayeuita krediti. Kuna sahihi ya wakili wako, imeisha. Ukikutana na bwana asiyejali, utakula vumbi miezi sita na hakuna MwalimuWaZamu wa kuja kuchungulia stoo. Kwa hiyo #10 mimi niko upande wako kidogo. Mshahara? Usiniulize.

#26 Kiroboto
BintiHoja, ushauri wangu: kama ni tamu hivyo, jaza muhula mzima, krediti 15, halafu mwingine tena 15. Uhitimu bila kuona darasa.

#27 Ngalawa
#26 Haiwezekani, na usimpotoshe mtoto wa watu. Kuhitimu JD ni krediti 83 kwa uchache, na 64 kati ya hizo ziwe za darasani au mafundisho ya moja kwa moja ya mwalimu. Kazi ya ofisini haihesabiwi kwenye hizo 64. 83 toa 64 ni 19. Na hizo 19 zinagombaniwa na jarida la sheria, mashindano ya mahakama ya kuigiza na masomo uliyochukua vitivo vingine vya chuo kikuu.

Muhula mmoja mzima unawezekana kwenye vyuo vinavyouruhusu. Krediti 12 ni saa 510, wiki 13, karibu saa 39 kwa wiki. Hiyo ni ajira. Nilimjua mtu aliyefanya hivyo kwenye chemba ya jaji. Alirudi anaandika vizuri kuliko sisi sote, na alikuwa amesahau tunakaa wapi maktaba.

#28 KaraniMstaafu
Niongeze kwa #27: semina ina darasa, kwa hiyo krediti ile 1 ya BintiHoja chuo kinaweza kuihesabu kwenye 64. Mbili za ofisini hapana. Isitoshe, ABA inadai kila anayehitimu awe na krediti 6 za masomo ya vitendo: kliniki, mafunzo ya nje, au masomo ya kuigiza kazi. Iko kwenye kanuni ya 303. Ukienda kujitolea tu, saa zako hazigusi hizo 6. Hicho ndicho unachopoteza, kwa swali lako la kwanza.

#29 BintiHoja
#28 hapo umepiga penyewe. Sina hata moja kati ya hizo 6 na niko mwaka wa pili 😩

Swali jingine. Kiangazi nina mahojiano ofisi ya mwendesha mashtaka, kaunti hiyohiyo. Kuna shida?

#30 ShahidiWaPili
Ipo, na iseme mapema. Utakuwa umeona mafaili ya washtakiwa ambao kiangazi utakuwa unawashtaki. Waambie ofisi zote mbili kabla hujakubali. Wataangalia mgongano wa maslahi, pengine wakutenge na kesi ulizozigusa, pengine wakatae. Weka orodha ya kesi ulizofanyia kazi, majina yabaki kwenye mfumo wa ofisi, usiyabebe kwenye simu.

Na daftari la tafakuri! Wiki ya pili niliandika kisa cha mteja, nikabadilisha jina nikaona nimemaliza. Nikaacha mtaa, kazi yake, na tarehe ya kukamatwa. Mwalimu akaniita, akafungua tovuti ya gazeti la pale mjini, akampata kwa dakika moja. Hakunigombeza. Alinigeuzia tu skrini. Tangu siku ile niliandika kuhusu mimi nilifanya nini na nilikosea wapi, mteja nikamwacha alale.

#31 MwalimuWaZamu
#30 Hilo lizingatiwe sana. Semina ina wanafunzi wa ofisi za pande zote mbili, mtetezi na mshtaki wamekaa meza moja. Mimi huwaambia ongeeni kuhusu hofu zenu, si kuhusu mafaili yenu.

#32 MvuaZaVuli
BintiHoja, kama utaomba uwakili New York, kumbuka zile saa 50 za huduma ya bure kwa umma. Kutetea wasio na uwezo chini ya wakili kunahesabiwa hata kama ulipata krediti. Kilichozuiwa ni kulipwa na ofisi kwa kazi hiyo. Mwombe msimamizi asaini hati ya kiapo mapema. Wangu alihama jimbo, nilimsaka miezi miwili.

#33 PilipiliKichaa
Kwa hiyo saa zilezile 10 za wiki zinalipa krediti, zinalipa zile 6 za vitendo, zinalipa saa 50 za New York, na kwa wengine zinalipa mpaka viza. Zinamlipa kila mtu isipokuwa anayezifanya. Mimi nimemaliza.

#34 MzeeWaKifungu
Ukisema umemaliza huwa unarudi.

#35 PilipiliKichaa
Nimerudi kusema sijarudi.

#36 BintiHoja
Wakuu mrejesho. Nimeongea na mratibu wa programu. Chuo chetu kimebaki na katazo la kulipwa, #4 ulinusa vizuri. Nilipouliza sababu nikaambiwa "ndivyo tulivyozoea", #5 nikakukumbuka. Nimechukua zile 3 na mawakili wa utetezi. Sijakubali kwamba ni haki. Nimekubali kwamba nazihitaji.

Fomu ya makubaliano nimeijaza yote, sahihi tatu zipo. Kuna kisanduku kimoja cha malipo, nimekiacha wazi maana hayapo. Naituma leo.

#37 KaraniMstaafu
Usitume. Andika sifuri. Kisanduku kitupu kinarudishwa, na mwisho wa kupokea fomu huwa ni saa 11 jioni.

#38 BintiHoja
Nimeandika 0.00. Asante mzee.

#39 Kiroboto
Na hizo senti mbili baada ya nukta, umeweka kwa matumaini?